Bwawa Lililomrudisha Ziwani

Shikamooni wazee wangu. Wa kanisani na wa msikitini, mliotembea kutoka Rusimbi na mliopanda bodaboda kutoka Gungu, nawasalimu nyote kwa Kiha chetu: mwakeye. Mwenyekiti wa kikundi chetu kaniomba niseme na wale wanaotaka kuchimba mabwawa ya samaki mwaka huu. Baba watoto yule pale nyuma. Ameniruhusu niseme yote, ila kanionya nisilie. Nimemwambia hilo siahidi.

Wengi mnanijua, mimi ni mwanika dagaa wa Kibirizi. Mume wangu alikuwa mvuvi tangu ujana wake. Siku moja upepo uliwakuta mbali ziwani, yeye na mdogo wake, mtumbwi ukapinduka. Mume wangu aliokotwa akiwa ameng'ang'ania dumu tupu la mafuta. Mdogo wake hatukumwona tena, hata mwili wa kuzika hatukupata.

Baada ya matanga nilimpigia magoti. Nikamwambia, baba, ziwa basi. Akakubali, maana hata yeye alikuwa anashtuka akisikia maji kwenye ndoo. Nilikuwa na kipande cha shamba nilichorithi bonde la Luiche, tukachimba bwawa na kupandikiza vifaranga vya perege. Nilifurahi jamani! Nilijiona nimemtoa mume wangu mdomoni mwa mamba.

Sasa chakula cha samaki. Wala sikuumiza kichwa. Dagaa si ninao? Nilichukua waliovunjikavunjika na walionyeshewa mvua, nikawatwanga, nikachanganya na pumba za mpunga. Perege walinawiri. Lakini perege wakikua wanakula zaidi, na dagaa siku hizi mnajua wenyewe wanavyoadimika. Waliovunjika wakawa hawatoshi, nikaanza kutwanga dagaa wazuri, wale wa kuliwa na watu. Jirani alikuja kuomba bakuli moja la mboga ya wanawe. Nikamjibu hawa ni wa samaki. Alinitazama, akaondoka na bakuli lake tupu. Mpaka leo yale macho yake nayaona.

Halafu hata hao wakakosekana. Ndipo mume wangu akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa kama mtu anayekwenda dukani, "Mama, nitakwenda kuvua mwenyewe dagaa wa bwawa."

Ndugu zangu, nawaambia, nilikaa chini. Bwawa nililichimba ili atoke ziwani, na sasa bwawa hilohilo ndilo linamrudisha. Nilibisha, nililia, akaenda. Kila alipotoka nilikuwa nasimama ufukweni mpaka wenzangu wakanichoka. Nilikonda mimi, perege wakanenepa.

Ziwa lilipofungwa ili samaki wazaliane, nyie wavuvi mlinung'unika. Mimi nilishukuru Mungu kimyakimya. Msinichukie, ndivyo nilivyohisi. Ila furaha yangu haikudumu, bwawa likaanza njaa. Perege wakawa vichwa vikubwa, miili kama kijiti. Na baba watoto akaanza kunong'ona na wenzake habari za kwenda kuiba ziwani. Nikaona huyu sasa nitampoteza, kama si kwa maji basi kwa doria.

Kwa hofu ile nikafanya ujinga. Nilikwenda kwa wakamuaji wa mawese, nikaomba lile tope linalobaki wakishachemsha mawese. Nikawaza, nguruwe wanalila na wananenepa, samaki atashindwa nini? Nikamwaga ndoo kwa ndoo. Mume wangu sikumwambia, nilitaka aone tu samaki wameshiba aache habari za ziwa.

Asubuhi tulikuta bwawa lote limetanda mafuta, linang'aa. Perege wachache walikuwa juu, midomo wazi, wanatafuta hewa. Wengine wote walikuwa wamegeuza matumbo.

Nikakiri kwamba ni mimi. Mume wangu hakunifokea. Afadhali angenifokea. Aligeuka, akaenda nyuma ya nyumba, akarudi na kasia begani.

"Unakwenda wapi?"

"Unajua ninapokwenda."

"Ziwa limefungwa."

"Na sisi tutakula nini?"

Nikachukua jembe. Nikapanda kwenye ukingo wa bwawa nikaanza kufukia. Udongo unaanguka juu ya samaki, mimi natwanga tu jembe na kupiga kelele: "Tutakula ugali mkavu! Bwawa linalokula dagaa wa ziwa silitaki! Ziwa halikumrudisha mdogo wako, na wewe litakuchukua!"

Marehemu alikuwa hajatajwa nyumbani kwetu tangu matanga. Nilipomtaja, mume wangu aliweka kasia chini. Akalia, mwanaume mzima, amekaa kwenye tope. Kisha akaninyang'anya jembe. Nilidhani anakwenda kulitupa. Akaanza kuuziba ule ukingo niliouvunja.

Harufu ya samaki waliokufa ilimleta mama mmoja wa ng'ambo ya bonde, mzaliwa wa Burundi, mfuga kuku. "Ihangane," akaniambia, vumilia. Akaomba wale samaki awapeleke kwa funza wake, maana anafuga funza wa kulisha kuku. Baadaye akatuletea ndoo ya funza, akatuonyesha jinsi ya kuwafuga kwa maganda na mabaki ya jikoni. Afisa uvuvi naye akaja, akatukataza tope la mawese, akatuelekeza kukausha mashudu ya mise, yale yanayobaki kokwa za mchikichi zikishakamuliwa, na kuyachanganya na pumba na funza. Akasema pia tupunguze vifaranga, bwawa letu dogo na sisi tulijaza kama gunia.

Haikuwa rahisi. Perege sasa wanakua polepole, kuna miezi tunakula mchicha. Sokoni Mwanga dada mmoja alikataa samaki wangu, eti wamelishwa funza. Nikamuuliza kuku wake wa kienyeji anakula nini, keki? Akacheka, akanunua.

Yule mama wa Burundi ahsante, urakoze. Afisa wetu ahsante. Jirani yangu niliyemnyima dagaa, uko hapa, nakuomba radhi mbele ya watu. Na ninyi mnaotaka kuchimba, kabla ya kushika jembe, jiulizeni ziwa likifungwa samaki wenu watakula nini. Kama jibu ni dagaa, msichimbe kwanza.

Juzi ziwa lilichafuka, mlisikia ule upepo. Zamani ningekuwa ufukweni nimeshika kichwa. Juzi nilikuwa uani nachekecha pumba, na baba watoto yuko pembeni yangu, ananilaumu kwamba sichekechi vizuri. Nilimwacha alaumu. Nilitamani alaumu mpaka jioni.