Niiteni Sala

Bwana asifiwe! Aa-a, hiyo ni sauti ya watu ambao hawajanywa chai. Bwana asifiwe sana! Naam, hapo sasa.

Ndugu zangu, mimi naitwa Sara. Kwetu ni Voi, lakini riziki yangu iko hapa Kampala, pale soko la Owino, nauza mapazia ya mitumba. Jirani yangu wa kibanda ni Nalongo, mama wa mapacha, anauza viatu. Huyu mama kila asubuhi akifika hunisalimu kwa kelele: "Sala! Sala!" Nami nachemka! "Si Sala, ni Sara! Raaa! Kunja ulimi!" Anacheka, ananijibu, "Ndiyo, Sala." Mnawajua ndugu zetu Waganda na herufi hiyo! Soko zima likaniita Sala, nami nikawa mwalimu wa ndimi za watu.

Sasa, nina presha. Daktari alinipa vidonge, kimoja kila asubuhi. Lakini mimi si mtu wa vitu vidogo! Nilisimama hapa hapa mbele yenu nikaahidi makubwa: chumvi basi, nyama basi, nitatembea kwa miguu kutoka nyumbani Namuwongo mpaka sokoni kila siku, nitafunga na kuomba mwezi mzima! Mkanipigia makofi. Jumatatu nikatembea. Jumanne miguu ikavimba. Jumatano mlinipita njiani nimepanda boda, nyama ya kuchoma mkononi, nikajifanya siwaoni. Na kwa kuwa ahadi kubwa imevunjika, kidonge nacho nikakiacha. Nikajiambia nitaanza upya mwezi ujao. Ndugu zangu, mwezi ujao ni mwongo!

Siku moja nimeinua pazia jekundu, namsifia mteja, mara mkono ukashuka wenyewe. Mdomo ukaenda upande. Nalongo akaruka viatu vyake, akanidaka. "Sala! Sala!" Nikataka kumjibu. Nilitaka kusema jina langu tu, jina nililopewa na mama yangu. Ulimi mzito kama gogo! Kikatoka nini? "Sa... la." Mimi, mwalimu! Jamani, niliogopa. Nilijua nakufa, na watoto wangu hawataisikia sauti yangu tena.

Nalongo akakodi gari, akanifikisha hospitali. Wakasema ni kiharusi kidogo, nimeponea chupuchupu, kikija kingine huenda nisiamke. Na mimi, pale pale kitandani, kwa ulimi ule ule, nikaanza tena: nitafunga, nitakesha, mwezi mzima... Nalongo akanikatiza.

"Sala, bambi, maskini wee, mwezi iko mbali. Leo iko hapa. Meza kidonge moja."

Neno hilo lilinipiga! Hapo Bwana akanizibua masikio. Miaka yote huyu mama ananiitaje? Sala! Kila asubuhi Mungu ananiita kwenye sala kwa kinywa cha muuza viatu, nami nasahihisha matamshi! Nikalia, nikacheka, nesi akakimbia akidhani kiharusi kimerudi.

Basi nikaweka ahadi ndogo mpaka nikaona haya kuisema mbele yenu. Nalongo akiita "Sala!", sibishani. Nachukua maji, nameza kidonge, nasema, "Asante Bwana kwa leo." Imekwisha! Kuna asubuhi mvua imelowesha mali yangu yote, sitaki kidonge, sitaki Nalongo, sitaki mtu. Mama yule anaita tu, hachoki. Nikimeza, moyo unanifuata nyuma. Ahadi ile ilipokomaa, ikamwita dada yake: chumvi ikaondoka mezani. Kisha ikaja miguu. Mwanzo nilitembea mpaka relini tu, nikageuka. Leo nafika Owino naimba! Haba na haba hujaza kibaba, wazee hawakutudanganya.

Na ulimi? Sikieni wenyewe: rrrehema! Rrroho! Sarrra! Haleluya! Nimerudishiwa herufi yangu, watoto wangu wanagombezwa kama zamani!

Ndugu yangu uliyeahidi makubwa ukaanguka, ukaona haya hata kuja kanisani, mimi nakujua, tulikuwa wote. Mungu wetu hadharau kidogo. Mpe jambo moja unaloliweza leo, kabla ya chakula cha mchana. Kesho atakutana nawe kesho. Na utafute mtu wa kukuita, maana peke yetu tunasahau. Mtumaini Bwana, mimi nimemwona!

Mnaona nimefumba mkono tangu nisimame. Ni kidonge cha leo, bado sijameza. Nalongo yuko pale nyuma, leo amefunga kibanda aje anisikie. Simama, mama. Mzee wa kanisa, nisaidie maji. Nalongo, niite, wasikie.

"Sala!"

Asante Bwana kwa leo!