Tambarare Fungua, Mlima Funga: Maisha ya Ndugu Ammon Deeter

Ndugu zangu wa kanisa la Painter Fork, majirani, na nyote mliokanyaga theluji kuja kumsindikiza, mimi ni Keturah Flory, dada mkubwa wa marehemu, haya nimeyaandika kwa mkono wangu na nitayasoma kwa mdomo wangu, Ndugu Yost, shemasi wetu, alijitolea kunisomea, lakini sauti yake hulaza watu, na mmoja wetu amekwisha kulala. Marehemu aliniachia agizo moja, kwamba habari ya kilango chake cha gari isomwe yote, bila kupakwa asali, kwa sababu katika wilaya hii mtu akiuziwa nyumbu kiwete watu bado husema ameuziwa hewa ya Deeter, na wanaosema hivyo wengi wao hawakuwa wamezaliwa, basi leo watasikia, na wakitoka hapa wataamua kama mdomo wao una kazi nyingine.

Marehemu Ammon Deeter alizaliwa tarehe 9 Machi 1871, katika shamba la baba yetu Isaac Deeter kando ya kijito cha Painter Fork, Kaunti ya Preble, Ohio, akiwa mtoto wa nne kati ya sita, na katika hao sasa nimebaki mimi peke yangu, alizaliwa mnene na mwenye kelele, mama akasema huyu ana mapafu ya farasi, kisha akanibebesha mimi niliyekuwa na miaka saba, na mgongo wangu haujasahau hadi leo.

Alisoma shule ya chumba kimoja ya njia panda ya Rinehart kuanzia mwaka 1877 hadi 1885, hesabu alizipenda, lakini maneno hayakuwa fani yake, mwalimu wetu alipenda kusema kwamba Ammon ana mikono inayofikiri na mdomo usiofikiri, sisi tulicheka, wala hatukujua kwamba tumeambiwa maisha yake yote katika sentensi moja.

Mwaka 1888 aliajiriwa katika kundi la kupura ngano, akawa mchochea moto wa injini ya mvuke, kazi aliyoifanya kila kiangazi kwa muda mrefu, na huko ndiko alikojifunza jambo ambalo hakuliacha tena, kwamba moshi mweusi ni chakula kinachotoka bila kuliwa, akiona bomba linatoa moshi mweusi hakuweza kukaa kimya, hata kama ni bomba la jiko la mtu mwingine na yeye amealikwa chakula.

Tarehe 18 Novemba 1897 alifunga ndoa na Dada Lovina Rinehart, huyu aliyeketi hapa mbele, aliyemkubali kwa sharti kwamba masizi yaishie mlangoni, sharti alilolitimiza kwa miaka miwili ya kwanza, na Mungu akawajalia watoto wawili, Orpha aliyezaliwa tarehe 2 Septemba 1899, ambaye yuko Dayton na mumewe, na Wilbur aliyezaliwa tarehe 27 Juni 1903, ambaye anaendesha karakana ya baba yake na anafanana naye kwa kila kitu, pamoja na masizi.

Karakana hiyo aliifungua mwezi Aprili 1909, katika kibanda kilichokuwa cha mhunzi, wakati magari yalipoanza kuonekana katika barabara zetu, na ndipo alipoanza kukosa usingizi, kwa kuwa kabureta za wakati ule, vile vyombo vinavyochanganya petroli na hewa, zilimimina petroli kama mpishi asiyelipia chumvi, gari likipita linaacha wingu jeusi na harufu ya mafuta ambayo hayajaungua, Ammon anasimama mlangoni na kitambaa mkononi analifuata kwa macho mpaka lipotee. Siku moja aliniambia, "Keturah, gari linakula kama mchungaji mgeni. Halishibi, na nusu ya chakula inabaki ndevuni."

Mwaka 1913 alitengeneza dawa yake, nayo ilikuwa kitu kidogo cha shaba, kinachotoshea kiganjani, alitoboa tundu katika bomba linalotoa mchanganyiko kwenye kabureta kuupeleka kwenye injini, hapo tundu lilipo akafunga kilango chenye springi, na waya mrefu ukafika mpaka kwenye mkono wa dereva, gari likishapata joto na barabara ikiwa tambarare dereva anafungua, hewa ya ziada inaingia, mchanganyiko unapungua uzito na petroli inayonywewa inapungua nayo, lakini gari likifika mlimani injini inataka kushiba, basi dereva anafunga. Alisema kinaokoa moja ya tano ya mafuta, na alisema hivyo baada ya kukijaribu katika gari lake mwenyewe majira yote ya baridi, mpaka Lovina akauliza kama ameolewa na mtu au na barabara ya kwenda Eaton.

Sasa lilikuja jambo la jina. Ammon alikiita kilango cha jiko la gari, kwa sababu kila nyumba hapa ina jiko, na kila jiko lina kilango chake cha hewa, akasema, "Kila mtu anakijua, hakuna atakayeuliza swali." Sote tuliona ni jina zuri, na kweli hakuna aliyeuliza swali, na hapo ndipo balaa lilipokaa likatungoja.

Katika mwaka 1914 karibu wenye magari wote wa kanisa hili walifungiwa vilango hivyo, na kabla ya mahindi kuvunwa manung'uniko yalikuwa yameenea, huyu anasema hajaona nafuu hata ya kijiko, yule anasema gari lake linapiga chafya mlimani na kuzimika, Ammon akavikagua vilango vyao kimoja kimoja akakuta havina kasoro, naye badala ya kupanda gari na mtu akaone anavyoendesha, alijibu kwa ule mdomo wake usiofikiri kwamba kilango ni kizima na mgonjwa ni dereva, jibu ambalo halijawahi kumtuliza mtu yeyote duniani.

Mwezi Oktoba 1915 mashemasi walipita nyumba kwa nyumba, kama ilivyo desturi yetu kabla ya karamu ya upendo, tunapooshana miguu na kula pamoja meza ya Bwana, wakiuliza kila mmoja kama ana amani na ndugu zake, na walipofika kwa Ndugu Silas Netzley, huyu hapa mwenye koti la kijivu, alijibu, "Sina amani na Ammon Deeter. Ameniuzia hewa." Mashemasi walimpelekea Ammon maneno hayo, naye akasema, "Ndiyo, ni hewa. Tangu mwanzo nilisema ni hewa. Alitaka nimuuzie nini, kabichi chachu?" Jibu hilo lilikuwa la kweli kabisa na halikumsaidia kabisa. Kwa kuwa shauri halikuisha, Ammon hakuketi mezani majira yale, hakuoshwa miguu wala hakumwosha mtu, tulipokuwa tukiimba ndani yeye alikuwa nje anashika farasi wa watu, na ndugu aliyenyimwa meza kwa ajili ya uongo, hapa kwetu, hata akikuuzia msumari unaupima mara mbili. Wateja walipungua, Orpha akaambiwa barabarani kwamba baba yake anauza upepo, na Ammon, mtu wa kelele tangu kuzaliwa, alinyamaza majira yote ya baridi, jambo lililotutisha kuliko kelele.

Shauri liliwekwa mbele ya baraza la kanisa Jumamosi tarehe 29 Aprili 1916, na kama baraza lingemwona mwongo angeondolewa katika ushirika, jina lake na la watoto wake lingekaa hivyo. Asubuhi ile Ammon alitangulia kwa miguu, na Ndugu Silas, ambaye hata akiwa na hasira ni muungwana, alipotukuta njiani akatupakia, mbele akakaa Shemasi Yost, nyuma Lovina na mimi, nikiwa na chungu cha siagi ya tufaha mapajani, tukaja mpaka chini ya Mlima wa Makaburi, huu huu tutakaoupanda leo kwa upande wa pili. Hapo Silas akavuta waya, injini ikapiga chafya, ikapiga ya pili, ikafa, tukarudi kinyumenyume polepole mpaka kwenye ua wa nguruwe wa Miller, na siagi ya tufaha ikamaliza safari yake kwenye sketi yangu ya kanisani.

Silas akasema, "Mmeona wenyewe! Mnataka ushahidi gani tena?"

Lovina akainama mbele. "Ndugu Silas, mkono wako umefanya nini pale?"

"Nimefungua kilango, dada. Si unauona mlima? Mlima unataka moto."

"Na kule tambarare?"

"Nilikuwa nimekifunga, nibane mafuta. Kwani wewe jikoni kwako hubani kuni?"

"Nabana sana," akasema Lovina. "Lakini mume wangu hakukuuzia jiko."

Shemasi Yost alianza kucheka mpaka kofia ikamwangukia nguruwe, nami sikucheka kwa sababu ya sketi, lakini nilielewa, na kila mwanamke anayeoka mkate angeelewa, ukitaka moto mkali jikoni unafungua hewa, ukitaka kuni zikae unafunga, na gari la Ammon lilitaka kinyume chake, hewa ifunguliwe kwa kubana na ifungwe kwa nguvu, basi ndugu hawa, watu waangalifu, wasiopoteza ukuni, walikuwa wametumia kilango kwa usahihi kabisa kama kilivyoitwa.

Tulipofika barazani Lovina aliomba ruhusa akaeleza, Ammon akageuka akawauliza wanaume, "Nani amekuwa akikifunga kwenye tambarare?" Mkono mmoja ukainuka, ukafuata mwingine, mwisho ukainuka na wa mchungaji, aliyetazama dari. Ammon alikaa chini kama aliyevutiwa kiti, kisha akasema, "Basi kosa ni langu, nimewauzia hewa kwa jina la moto," na hayo ndiyo maneno bora niliyopata kusikia kutoka mdomoni mwake.

Lakini Ndugu Silas si mtu wa kumalizwa kwa maneno, akasema aonyeshwe, basi chupa moja ya petroli ikafungwa kwenye gari lake mwenyewe badala ya tangi, akaendesha mwenyewe kutoka mlango wa kanisa kilango kikiwa kimefungwa, baraza zima likifuata kwa mikokoteni na magari, na petroli ikaisha mbele ya ghala lake, likarudishwa gari, ikajazwa chupa ile ile, safari hii tambarare akafungua, na alipolipita ghala lake alianza kusema, "Bado linakwenda," kwa sauti ya mtu anayeibiwa, "bado linakwenda," mpaka likasimama lenyewe darajani. Alishuka, akalitazama ghala lake kule nyuma, akamwambia Ammon, "Hukusema uongo. Ulisema vibaya." Ammon akamjibu, "Na wewe ulisikia vizuri, ndiyo shida yetu."

Katika karamu ya upendo ya mwezi Mei mwaka ule Ammon aliketi mezani, na aliyejifunga taulo kumwosha miguu alikuwa Ndugu Silas, aliyesugua kwa bidii mpaka Ammon akamnong'oneza, na sisi wa upande wa wanawake tukasikia, "Taratibu, ndugu, hiyo ni ngozi, si rangi ya kiwandani."

Jina la jiko lilifutwa, Ammon akataka kukiita pua, Lovina akamwambia kila mtu akipanda mlima hutanua pua, watakosea tena, basi akaacha majina, na juu ya kila kishikio akagonga kwa mkono maneno haya, TAMBARARE FUNGUA, MLIMA FUNGA, na vilango hivyo vilikwenda mpaka Indiana, wala hapakuja tena mtu kulalamika. Sitawaambia kwamba vilimtajirisha, na sitawaambia kwamba vingali vinahitajika, kufikia mwaka 1927 kabureta mpya zilikuwa zinajipimia hewa zenyewe, Ammon akaitazama moja kwa muda mrefu akasema imetengenezwa na mtu mwenye akili, kisha akaacha kutengeneza vilango, akaendelea na magurudumu ya watu.

Ugonjwa wa moyo ulimwanza mwezi Agosti 1936, miguu ikajaa maji, na Oktoba hakuweza kuja mezani kwa mara ya kwanza tangu ile aliyokatazwa, Ndugu Silas akaenda kwake na beseni, hakuna aliyemtuma. Tarehe 11 Februari 1937, siku ya Alhamisi, asubuhi, baada ya kulalamika kwamba jiko linatoa moshi mweusi, Ammon alifariki nyumbani kwake, Lovina na Wilbur wakiwa naye, akiwa na umri wa miaka sitini na mitano, na jiko kweli lilikuwa linatoa moshi.

Familia inamshukuru Daktari Huber, aliyesema ukweli bila kuuzungusha, majirani walioleta kuni na tambi za kuku kuliko tunavyoweza kula, mafundi wa karakana waliofunga milango siku tatu, na kanisa hili, lililokosea kisha likasikiliza, jambo ambalo makanisa mengi hufanya nusu yake tu.

Ndugu Silas ameniomba niandike hapa maneno yake, kwa kuwa anasema akisimama atalia na hataki kuliona hilo wala sisi tulione, anasema hivi, "Usemi ule niliuanzisha mimi, na leo nauchukua. Alituuzia hewa, na ilikuwa hewa nzuri. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlimani." Ameomba pia jeneza liende kwa lori lake, ambalo ni kuukuu kama yeye na bado lina kilango cha Ammon, na familia imekubali, kwa hiyo Ndugu Silas, ukifika chini ya Mlima wa Makaburi nitakuwa nimekaa nyuma yako kama siku ile, bila siagi ya tufaha, na nitautazama mkono wako.

Nawe Ammon, ndugu yangu niliyekubeba mgongoni, tambarare umeimaliza vizuri, lala kwa amani, mlima tutakupandisha sisi.