Hadithi ya Gazeti la Vitumbua

Ndani ya basi la Bagamoyo nilikuwa nadurusu somo la jioni. Bwana mmoja akamwambia mama jirani yake, "Aliyenifanya nipende kusoma aliandika hadithi kwenye gazeti la kufungia vitumbua. Jina lake lililowa mafuta. Nilinunua kila siku nijue kama Hajra ataolewa, mpaka muuzaji akaanza kutumia mifuko."

"Mimi niliimaliza hadithi ile. Mwandishi ni mwanamke."

"Mwanamume, dada. Mwanamke hawezi kumtesa Hajra vile."

"Basi sikwambii kama aliolewa. Konda, Mapinga nashuka."

Nikamwomba Mwenyezi Mungu atoboe tairi moja tu, lakini basi likafika Mapinga salama. Bwana akashuka nyuma ya yule mama, akikiri kwamba mwandishi ni mwanamke. Mungu anajua darasa langu liko Dunda, mbele zaidi, lakini nami nikashuka.