Kizazi Kimetoka, Ndevu Zimebaki

Kwenye basi, muuza vitambaa alitega sikio: abiria mmoja alikuwa akisimulia alivyotolewa kizazi. Naye, mgonjwa wa homoni, alitolewa kizazi mwaka jana, na tangu hapo alikuwa hajapima sukari.

Mbele yake, fundi cherehani alimkodolea macho jirani yake wa kiti, aliyekuwa aking'oa ndevu kwa kibanio. "Dada, si umesema ulitolewa kizazi?"

"Kizazi ndiyo, vifuko vya mayai wakaviacha. Mimi nikadhani ugonjwa wangu wa homoni, huu unaoleta ndevu na kupandisha sukari, umetoka nacho, nikaacha kupima sukari. Sasa miguu inakufa ganzi."

"Uzee tu huo!"

"Uzee gani wenye ndevu?"

"Wa babu yangu."

Abiria wakacheka. Muuza vitambaa hakucheka. Basi liliposimama sokoni, wale wawili walishuka wakibishana. Yeye alikumbatia furushi lake, akabaki kitini. Zahanati ilikuwa kituo cha mbele.