Salvatory Luhaga, Afisa Mifugo Aliyefuatwa na Mji

Baada ya miaka thelathini na nne ya utumishi, Ndugu Salvatory Luhaga, Afisa Mifugo wa kata yetu ya Mwagindu, pembezoni mwa mji wa Bariadi, anastaafu rasmi leo tarehe 30 Juni. Wasifu huu umepangwa kusomwa kabla ya chakula ili asiwepo wa kusinzia. Mwenyewe aliomba uwe mfupi. Tumejitahidi, lakini mtu aliyehamishwa na mji mara mbili bila kubadilisha kituo cha kazi hamalizwi kwa mistari miwili.

Alianza kazi Shishiyu, wilayani Maswa, akiwa kijana mwembamba mwenye cheti cha mifugo na baiskeli ya serikali isiyo na breki. Wazee wa huko walimpima kama wanavyompima mtu yeyote: waliuliza ana ng'ombe wangapi. Hakuwa na hata mmoja. Kesho yake josho la kuogeshea ng'ombe lilikuwa tupu, akabaki yeye na dawa yake. Mshahara ulipotoka alinunua mtamba mwekundu, akamfunga nje ya ofisi, na josho likajaa. Tangu hapo hajawahi kuishi bila ng'ombe, na matatizo yote ya wasifu huu yameanzia hapo.

Alipohamishiwa Lalago aliwaswaga ng'ombe wake, na kutoka Lalago akawaswaga hadi kwetu. Wakati huo Mwagindu ilikuwa pamba, mbuga na upepo. Alijenga jirani na ngitili yake, yaani malisho yanayotunzwa kwa ajili ya kiangazi, akatangaza kuwa hapo ndipo atakapozeekea. Hiyo ilikuwa mara ya kwanza kutangaza.

Kisha Simiyu ikawa mkoa, Bariadi ikawa makao makuu, na mji ukaanza kutembea. Ulitangulia mnara wa simu, likafuata duka la saruji na mabati, zikafuata fremu za biashara ambazo zote zilikuwa za wakala wa pesa isipokuwa moja, nayo ilikuwa saluni yenye wakala wa pesa ndani. Siku moja mpaka wa mji ukasogezwa, na ngitili ya Luhaga ikajikuta mjini. Sheria ndogo hairuhusu kufuga ng'ombe mjini, na msimamizi wa sheria hiyo katika kata hii ni Afisa Mifugo.

Wengi tulikaa mkao wa kutazama. Alizunguka na notisi nyumba kwa nyumba, akawapa wafugaji wote muda wa kuhamisha mifugo, na ya mwisho akaibandika kwenye mlango wake mwenyewe. Asubuhi mkewe, Mama Monika, ambaye jina lake ni Nyamizi, aliisoma yote hadi kwenye muhuri, kisha akaita ndani, "Baba Monika, kuna afisa mmoja katili amepita hapa usiku." Mzee akajibu kuwa anamfahamu, na kwamba ni bure kumbembeleza.

Wakahamia ng'ambo ya mto, mke, mume na kwato zote. Akatangaza mara ya pili kuwa hapo ndipo atakapozeekea.

Hapo ndipo anapoingia Dastan, dalali wa viwanja mwenye pikipiki nyekundu na simu tatu ambazo zote huita pamoja. Dastan aliona jambo moja. Luhaga huchagua ardhi iliyoinuka kidogo, isiyotuama maji, yenye kisima karibu na njia ya kupitika masika, kwa sababu ng'ombe wake wanataka hivyo. Wanunuzi wa viwanja nao wanataka hivyo hivyo, ila wao hawasemi kwa kulia. Basi palipokuwa na zizi la Luhaga, Dastan akaanza kuchomeka vigingi. Wateja aliwapeleka jioni na kuwaonyesha samadi mbichi kama wenzake wanavyoonyesha hati. "Bosi, unaiona hii? Ng'ombe wa Luhaga wameshafika. Lipia leo, lami iko njiani." Cha ajabu, lami ikaja kweli, na Dastan akanenepa.

Kwa muda mfupi ng'ambo ya mto pakajaa nyumba za bati la rangi, sehemu ya kuoshea magari na nyumba ya wageni ya Mama Benedikta. Wakazi wapya waliyapenda sana maziwa ya Luhaga. Walichokuwa hawakitaki ni ng'ombe. Mama Benedikta aliandika barua ya malalamiko kuhusu harufu, akaileta mwenyewe saa za kukamua, mkono mmoja barua, mkono wa pili galoni. Luhaga akaipokea barua, akaigonga muhuri, akalijaza galoni. "Ongeza kidogo, baba," Mama Benedikta akamwambia, "wageni wangu wanayasifia mno."

Haukupita muda, dume la Luhaga likavunja zizi, likaingia uani kwa mama huyo huyo na kutafuna mashuka yaliyoanikwa, pamoja na foronya moja iliyotariziwa KARIBU MGENI. Afisa Mifugo alilikamata kwa kamba ya ofisi, akalifungia katika zizi la kata, akajitoza faini, akajikatia risiti, kisha akajipa onyo la mdomo mbele ya mashahidi. Vijana wa kijiweni walikufa kwa kicheko. "Ngosha," wakamwita kwa Kisukuma, yaani mwanaume, "si ungejisamehe tu?" Akawaambia kuwa akianza kujisamehe yeye, kufika kesho kata nzima watakuwa binamu zake.

Isidhaniwe kuwa maisha yake yote yalikuwa kukimbizana na dume. Josho lililokuwa limegeuka mahali pa kuanikia mpunga alilifufua kwa kuwaomba wenye mpunga kwa upole na kwa kuwamwagia maji kwa bahati mbaya. Mwaka ambao kimeta kiliua ng'ombe kata za jirani, kwetu hakikupita, maana alikuwa amechanja hadi ng'ombe waliofichwa ndani ya vyumba vya kulala. Na kila mbwa wa Mwagindu anaifahamu sauti ya pikipiki yake. Wakiisikia, wanakumbuka miadi mahali pengine.

Mwezi Aprili ramani mpya ilibandikwa kwenye ukuta wa ofisi. Mpaka wa mji umesogea tena, na zizi la Luhaga limo ndani. Alisimama mbele ya ramani hiyo hadi chai ikapoa, na sisi tuliokuwa tumezoea kumtania tukajikuta tunatafuta kazi za kufanya mezani. Notisi ya mwisho aliyoiandika katika utumishi wake ilikuwa ya kwake mwenyewe. Mtu huyu hajawahi kuomba makubwa. Anataka zizi moja ambalo halitahamishwa tena, azeeke karibu nalo, na mkewe awepo.

Zizi alilipata, huko Itilima, mbele ya Lagangabilili. Jina la kijiji halitatajwa hapa, na tunawaomba wanaolijua wale chakula chao kimyakimya. Jumapili kadhaa alikwenda kupaangalia akiaga kuwa anakwenda kumjulia hali mgonjwa. Dastan alimfuata mara moja, akaishiwa mafuta njiani. Tunaamini ni mapenzi ya Mungu.

Lililobaki likawa mkewe. Kwa miaka hii Mama Monika amefungua duka la maziwa na mtindi pale barabarani, lenye friji mbili na foleni isiyokatika. Alipoelezwa habari za Itilima alijibu kwa kifupi, "Nimehama na ng'ombe mara mbili. Wateja wangu hawana kwato, siwezi kuwaswaga." Wiki tatu nzima Afisa Mifugo alikula kwa mama ntilie, akidai kuwa anachunguza usafi wa nyama.

Hatimaye wameelewana. Mzee anakwenda na ng'ombe, mama anabaki na duka, kila Jumamosi mchana mama anafunga na kumfuata mumewe hadi Jumapili jioni. Na kila alfajiri maziwa yatatoka huko kwa bodaboda hadi dukani. Ofisi nzima ilishangilia suluhu hiyo, mpaka Nancy, msaidizi wa mzee, alipouliza kama huyo bodaboda ataijua njia. Siri ya Itilima sasa ina magurudumu mawili, na jana Dastan alionekana akimnunulia bodaboda huyo soda na chapati.

Nancy huyo ndiye anayerithi ofisi. Ufunguo na kamba alikabidhiwa asubuhi. Tunamtaja kwa sababu kamati ya zawadi, kwa mapenzi makubwa na bila kufikiri, imemnunulia mstaafu mtamba mwekundu na kumfunga nyuma ya ofisi hii, ambayo iko mjini. Nancy ameshamzunguka mtamba huyo mara mbili. Amefundishwa na Luhaga, kwa hiyo kubembeleza hakutasaidia. Mtamba aondoke kabla jua halijazama. Dastan naye aliomba kuwa katika msafara wa kusindikiza, na tumempa heshima kubwa zaidi: ni mwenyekiti wa vinywaji, hatakiwi kuondoka hadi mgeni wa mwisho aondoke.

Mzee Luhaga, tunakushukuru kwa ng'ombe waliopona, kwa notisi ulizoandika bila kujipendelea, na kwa kutuchagulia mahali pa kujenga pasipo wewe kutaka. Mama Monika, tunakushukuru kwa kumvumilia afisa yule katili. Tunawatakia afya, mvua za wakati na Jumamosi ndefu.

Kusema kwamba hatutafika huko kungekuwa uongo, nawe umetuzoea. Tunaahidi kuchelewa kadiri tutakavyoweza. Nenda salama, ngosha. Tukija, tutakuja na galoni.