Priscillah Wairimu na Nyumba Isiyo na Udongo

Marehemu Priscillah Wairimu Chege alizaliwa tarehe 12 Machi 1970 huko Fort Ternan, mtoto wa tatu wa marehemu Mzee Muriuki na marehemu Mama Ann. Babake alitoka Murang'a kuja kurekebisha reli, akabaki. Priscillah alijua Kipsigis kabla ya Kikuyu, kwa sababu ndiyo lugha ya watoto aliocheza nao. Baadaye wanawake wa soko la Sigowet walimtania kwamba anaiongea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni. Yeye aliwajibu kwamba kiazi chenyewe amekinunua kwao.

Alisoma hapo hapo Fort Ternan na kufanya mtihani wa darasa la nane mwaka 1985, wakati mtihani huo ulipofanywa kwa mara ya kwanza. Alifika kidato cha pili. Babake alipofariki mwaka 1987, aliacha shule ili wadogo zake waendelee. Hakulalamika, lakini kila karatasi iliyoingia nyumbani, hata gazeti lililofungiwa nyama, aliisoma mpaka mwisho.

Alianza kuuza nguo za mitumba Sigowet mwaka 1990. Hapo ndipo alipokutana na Sally, Mama Kiplangat, mkulima wa majani chai aliyekuja kununua sweta na kuishia kukaa mpaka soko likafungwa. Mwaka 2008, siku za ghasia za baada ya uchaguzi, majirani walipoogopana, Sally alibeba marobota yote ya Priscillah mgongoni, moja baada ya jingine, akayaficha katika ghala lake la mahindi. Priscillah, aliyekuwa amekimbia, aliporudi, hakukosa hata soksi.

Tarehe 9 Desemba 1995 alifunga ndoa na Bwana Samuel Chege, fundi mwashi wa mjini Kericho. Mungu aliwajalia watoto wawili, Jennifer na Nganga.

Mwaka 2014 Priscillah na Sally walianzisha kikundi cha wanawake kumi na wawili, wakakiita Bonasi. Kila mwaka kiwanda kilipowalipa wakulima bonasi, yaani malipo ya ziada ya majani chai, pesa zilikuwa zikiyeyuka kwa karo na harusi za watu. Priscillah aliwaambia wazitie mahali ambapo kila mwezi kuna mtu anayelipa nyumba. Binamu yake alifanya kazi hotelini Mtwapa, mji ambao watu huamka asubuhi na mapema kwenda kazini Mombasa na kurudi jioni kulala. Huko, Priscillah alisema, chumba hakikai wazi wiki mbili. Alisema pia kwamba ni mahali ambapo Mkikuyu na Mkipsigis ni wageni sawasawa, na jambo hilo lilimfurahisha kuliko faida.

Walinunua nyumba ya vyumba sita mwaka 2015. Mwaka 2018 waliiuza vizuri, wakanunua nyingine ya vyumba kumi na vinne. Kabla ya kulipa, Priscillah, Sally na Bwana Chege walipanda basi kwenda kuiona. Bwana Chege aligonga kila ukuta na kusema fundi aliyeijenga alikuwa mtu mwaminifu. Wanawake walifungua mabomba, wakachungulia vyoo, wakawauliza wapangaji majirani wakoje. Karatasi ya mauzo ilisema nyumba imeuzwa. Priscillah aliisoma mpaka mwisho. Ilisomwa pia na watu wa familia hii waliokwenda shule kumpita, na hakuna aliyeona neno lililokosekana. Huku kwetu nani amewahi kununua nyumba akaambiwa udongo uko na mwenyewe?

Kule Pwani nyumba inaweza kuwa ya mtu mmoja na ardhi iliyo chini yake ikawa ya mwingine. Sheria inajua hivyo, na waliomuuzia walijua. Kila Januari mzee mmoja alipita na kitabu cha risiti kutoza kodi ya ardhi. Huku kodi ya ardhi ni ya kaunti, kwa hivyo Priscillah alilipa na kuziweka risiti ndani ya Biblia yake. Aliwasifu watu wa Pwani, akisema kaunti yao inamfuata mtu mpaka mlangoni, ilhali Kericho unapanga foleni mpaka miguu ivimbe. Mzee yule hakuwa wa kaunti. Ardhi ilikuwa yake.

Mzee alipofariki, warithi waliuza ardhi. Tarehe 15 Januari 2024 Priscillah aliitwa Mtwapa na kukuta wapangaji wakitoa vitanda nje. Alimwonyesha kijana aliyetumwa na mnunuzi karatasi yake, pamoja na risiti zote. Kijana alizisoma kwa heshima, kisha akamrudishia.

"Mama, hakuna anayekunyang'anya," alimwambia. "Nyumba ni yako. Chukua uende nayo."

Priscillah alichukua. Alikodi mafundi wakang'oa mabati na milango kumi na minne, akapanda mbele ya lori, akarudi Kericho bila kulala. Tangu Jumatatu iliyofuata alizunguka boma kwa boma, akieleza kwa mdomo wake mwenyewe kilichotokea na kumwachia kila mwanachama mlango na mabati machache. Alikataa kusindikizwa. Wengine walilia naye, wengine walipokea wakaendelea na kazi. Kwa Sally alifika mwisho.

"Nimekupa bonasi ya miaka tisa, Mama Jennifer," Sally alisema. "Huu mlango nitaufungua niingie wapi?"

Hakuupokea, wala hakufika sokoni tena. Priscillah aliendelea kwenda kila siku ya soko, akitandaza nguo na kumtazamia. Mawakili watatu walimweleza kwamba kesi haipo. Aliyeumizwa hakuwa na wa kumshtaki, na huo ndio uchungu wenyewe.

Mwezi Oktoba 2024, wiki ya bonasi, alipata kiharusi akiwa sokoni. Upande wa kulia ulikufa. Jennifer, ambaye ni mwalimu huko Bomet, alimchukua akae naye, na alitibiwa katika hospitali ya Longisa. Madaktari na wauguzi walifanya kazi yao vyema na familia inawashukuru. Shinikizo la damu halikushuka. Alikula kidogo na hakuuliza habari za nyumbani, isipokuwa kama kuna mtu kutoka Sigowet amepita.

Sally alikuja tarehe 29 Mei 2025. Alikaa kando ya kitanda akaushika ule mkono usiohisi kitu. Alisema kwamba yeye pia alipanda basi, akafungua mabomba, akachungulia vyoo, na hakuuliza udongo ni wa nani. Kosa ni lao wote wawili, alisema.

Priscillah alijibu polepole, kwa Kipsigis chake. "Wewe uliuliza. Kwenye basi, tukipita Voi, uliniuliza kama kila kitu kiko sawa. Nikakwambia lala."

Sally alikaa mpaka jioni. Priscillah alifariki Jumanne tarehe 3 Juni 2025, saa kumi na moja alfajiri, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano.

Ameacha mume, Bwana Samuel Chege; watoto, Jennifer na Nganga; mjukuu mmoja, Ann; na wanawake kumi na mmoja wa kikundi cha Bonasi, ambao aliagiza waketi leo pamoja na familia. Aliagiza pia wasifu huu usiseme kwamba alijitahidi. Alitaka useme kwamba aliaminiwa, na kwamba anawaomba msamaha. Familia imesema kama alivyotaka, ingawa haikubaliani naye, na hatapata tena nafasi ya kubishana nayo.

Mungu ampe makao ambayo hakuna atakayemtoa, na humo apate amani aliyoikosa kwetu.