Si Uchawi, Ni Jiko Bovu

Bwana asifiwe sana, ndugu zangu! Mnauona mkono huu wenye makovu. Siufichi. Utazameni vizuri.

Tulikuja Temeke kutoka Upare, mume wangu akafanya ukuli bandarini, mie nikakaanga maandazi ya kuuza. Vita vikuu vya pili vya dunia vilikuwa vimekwisha, meli zinashusha kila namna ya vitu. Nilichoka na moshi wa kuni mbichi, nikaenda dukani kutafuta jiko la mafuta ya taa. Lililo imara likanishinda bei. Pembeni yake lilikuwepo jingine, linang'aa vilevile, bei nusu. Mwenye duka akaniapia, "Yote mamoja, mama. Tofauti ni jina tu." Nikalibeba kwa furaha.

Ndugu zangu, mwezi haukuisha! Asubuhi moja nikiwa nalipampu upepo liwake, tangi likapasuka, mafuta yakaruka yakawaka. Mkono ukashika moto, kanga ikashika moto, makuti ya paa yakadaka. Nikapiga kelele, "Yesu!" Aliyeingia ni Bi Mwajuma, jirani yetu Mzaramo, mama mzee Mwislamu anayeishi peke yake. Akanifunika mkeka, akaniburura nje. Chumba kiliteketea, mie nikapona!

Sasa sikieni jaribu lenyewe. Shemeji yangu, kaka wa mume wangu, ndiye aliyetupokea kwake. Akaanza, "Bibi yule alijuaje kuna moto? Kauwasha yeye. Mchawi!" Majirani wakadakia. Wakataka aitwe mganga amtaje, afukuzwe, nyumba yake ibomolewe. Mie nilitakiwa niseme "ndiyo" tu.

Niliogopa. Ugenini, nalala kwa shemeji huyohuyo! Nikaomba. Sikusikia sauti wala sikuona malaika. Nilipata nguvu za kusimama, basi. Nikaliokota jiko kwenye majivu, nikalitua uani walipokaa.

"Shemeji, tia kidole hapa. Bati jembamba kama kopo la samaki! Mchawi gani wa Temeke anayetengeneza majiko ng'ambo?"

Akafoka, "Unabishana na wanaume?"

"Leo nabishana! Bi Mwajuma akifukuzwa, naondoka naye."

Mume wangu akainuka, akapitisha kidole kwenye ufa, akasema, "Kaka, acha. Tumeuziwa kifo." Mganga hakuitwa.

Kesho yake nikalipeleka jiko dukani, nikaliweka mbele ya wateja. Mwenye duka akafoka, "Ondoa uchafu wako, mama!" Sikuondoa. Nikasimama palepale, mkono umefungwa vitambaa, namweleza kila aliyeingia. Hakunirudishia kitu, lakini siku ile hakuuza jiko hata moja!

Namshukuru Mungu aliyenitoa motoni kwa mikono ya mama asiyesali nasi. Wewe unayeshurutishwa kusema uongo ili usikose pa kulala, mtegemee Bwana, useme kweli! Tulipata chumba kingine, mtaa uleule, ukuta kwa ukuta na Bi Mwajuma. Na hatuhami!